Mgeni wa Mama Joselyne

Siku Madame Georgette alipokuja na maswali yake, Marie-Goreth aliwaamsha wasichana mapema, akawaogesha wote wawili na kuwapaka mafuta miguuni mpaka wakang'aa. Joselyne, binti yake wa kumzaa, alilalamika kwamba sabuni inamwingia machoni. Kaneza hakulalamika. Kaneza alikuwa mtoto wa kupokelewa, na watoto wa namna hiyo hujifunza mapema kufumba mdomo, hata katika nyumba ambayo hakuna anayewanyamazisha.

Walivuka kutoka Burundi katika kundi moja, Marie-Goreth na binti yake, na mama yake Kaneza na binti yake. Kipindupindu kikamkuta yule mama pale walipowekwa wakisubiri kuandikishwa. Siku ya mwisho sauti ilikuwa imemkauka, basi akauchukua mkono wa mtoto, akautia ndani ya mkono wa Marie-Goreth, akaukandamiza hapo. Ndiyo yote. Hakuna karatasi iliyotiwa sahihi. Wakati ule wasichana walikuwa bado na meno ya utoto, na sasa walikuwa na meno ya ukubwa na magomvi ya ukubwa, na nyumba yao ya udongo yenye paa la turubai, hapa kambini karibu na Nundu, ng'ambo ya mpaka, juu ya ziwa, haikuwa na mtu mwingine. Mume wa Marie-Goreth alirudi Burundi kuangalia shamba lao limechukuliwa na nani, na tangu aende hakuna aliyeleta habari zake.

Wasichana wale walikuwa pete na kidole. Walikula sahani moja, wakalala mkeka mmoja, wakabeba dumu moja la maji wakilitundika katikati ya fimbo, huyu mbele huyu nyuma, wakigombana njia nzima nani anayeyumbisha. Walikuwa hata wameacha kuitana majina. Waliitana kwa neno moja la Kirundi, wote wawili neno hilo hilo, majina yakabaki ya kutumiwa na watu wazima na mwalimu.

Madame Georgette alikuwa mzaliwa wa Baraka, mji wa jirani. Alijua Kifaransa, Kibembe na Kiswahili chake cha nyumbani, na alikuwa mama mwenye huruma, lazima niseme hivyo kabla sijamkasirikia. Shirika lake lilikuwa likitembelea watoto wasio na wazazi kuangalia kama wanapendwa. Na utaangaliaje kama mtoto anapendwa? Wakubwa walikwisha kuamua: muulize habari za marafiki. Unacheza na nani? Ukipata ndizi mbili, ya pili unampa nani? Ukilia, nani anakuja? Maswali mazuri, sikatai. Ila zamani alikuwa anakuja na kijana wa kutafsiri Kirundi, na pesa za shirika zilipopungua, wa kwanza kuachishwa kazi akawa yule kijana. Walibakiza maswali, wakaondoa masikio.

Marie-Goreth hakuruhusiwa kukaa karibu. Alisimama mbali, kwenye bomba la maji, akijifanya anasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tangu jana. Aliwaona Madame na Kaneza kwenye benchi kando ya ukuta wa shule. Aliona mtoto anasema neno, anatikisa kichwa kukubali, anacheka. Moyo wake ukatulia. Mtoto anayecheka vile, alijiambia, hawezi kuwa amesema baya.

Wiki iliyofuata Madame Georgette alirudi. Hakuingia ndani, hata alipopewa kigoda.

"Mama Joselyne, niko na neno, na haiko neno ya furaha."

"Sema tu, Madame."

"Kaneza ataenda Fizi, ku nyumba ya batoto. Siku ya ine gari itakuja kumubeba."

Fizi! Huko juu milimani, njia ambayo hata wafanyabiashara wa Baraka wanaiulizia mara mbili kabla ya kupanda, kwa sababu ya watu wenye bunduki wanaoizuia wanapotaka. Marie-Goreth alijua watoto waliopelekwa kule. Hakujua hata mmoja aliyerudi kusalimia. Akashika mlango.

"Juu ya nini? Amekosa nini?"

"Hajakosa kitu. Mi nilimuuliza juu ya barafiki yake. Mutoto asiye na rafiki hata moja, hatumuachake fasi ile. Ile ndiyo sheria."

"Rafiki? Na Joselyne?"

"Ndiyo nilimuuliza, mama. Joselyne iko nani kwako? Akanijibu: iko mugeni. Nikamuuliza tena, na weye uko nani kwa Joselyne? Akasema: na mi, mugeni." Madame Georgette alifuta jasho shingoni. "Alikuwa anasema na kucheka. Ile kucheka ndiyo ilinivunja roho. Miaka yote katika nyumba yenu, na mutoto anajiona mugeni mpaka anazoea kucheka."

"Madame, ule ni mutoto wangu. Mama yake alinipatia mukono yake."

"Naamini. Lakini ni maneno yake mwenyewe, haiko yangu."

Marie-Goreth aliomba. Alipiga magoti pale mlangoni, majirani wakiona, akashika sketi ya Madame. Madame akamwinua taratibu na kumwambia uamuzi umekwisha kufika Baraka, yeye ni mtu wa kuuliza tu. Halafu akaenda zake, na kweli alikuwa analia.

Sasa hapa ndipo ninapomlaumu Marie-Goreth, ingawa nampenda. Angemwita mtoto na kumwuliza wazi: ulimwambia Madame neno gani, hebu litamke. Jambo lingekwisha palepale kwa kicheko. Lakini mtu aliyechomwa moyoni haulizi wazi. Neno lenyewe lilikuwa kali mno kinywani mwake, hakuthubutu hata kulitaja. Wasichana waliporudi na maji, alimvuta Kaneza pembeni na kumwuliza kwa Kirundi, kwa kuzunguka:

"Kile ulichomwambia Madame juu ya Joselyne, ndicho kilichomo moyoni mwako?"

Uso wa Kaneza ukafunguka. "Ego, Mawe," akasema. Ndiyo, Mama. Na akacheka tena, kile kicheko kile kile.

Marie-Goreth alimwachia. Alifikiria usiku wa homa aliokesha naye. Alifikiria ule mkono wa marehemu. Kumbe muda wote amelea mtu anayemhesabia siku! Kama ni mgeni, alisema moyoni, basi atakuwa mgeni. Atauona ugeni mpaka auchoke.

Wewe unajua mgeni anavyotunzwa kwetu. Mgeni hashiki ufagio. Mgeni haendi bombani. Mgeni hunawishwa mikono, hupewa kigoda, hutengewa sahani yake, na nyama ikipatikana huanza yeye. Jioni ile Marie-Goreth aliweka kigoda katikati ya nyumba, akamkalisha Kaneza juu yake, akamletea maji ya kunawa akiwa ameinama kidogo kwa heshima. Akampakulia peke yake ugali na dagaa wote waliokuwamo. Joselyne akapewa ugali na majani ya muhogo, pale chini.

"Karibu, mugeni," alisema Marie-Goreth. Alisema kwa Kiswahili. Tangu jioni hiyo aliacha kabisa kusema naye Kirundi, kama unavyofanya na mtu ambaye hujui kwao ni wapi.

Kaneza alidhani ni mchezo. Alichukua dagaa mmoja, akamnyooshea Joselyne kwa siri. "Kula, mugeni," Marie-Goreth akasema, "chakula ya mugeni haigawanyiwe." Mtoto akaurudisha mkono.

Asubuhi Kaneza alishika fimbo ya kubebea maji, Marie-Goreth akaichukua kwa upole. "Mugeni haichotake maji." Alishika ufagio, ukachukuliwa. Alitaka kuosha sufuria, ikachukuliwa. Usiku alikuta ametandikiwa mkeka wake mwenyewe upande wa pili, na blanketi lile zuri, lile la msaada ambalo lilikuwa halijatumika. Akalala huko macho wazi, blanketi mpaka kidevuni. Hakupigwa. Hakutukanwa. Kila alichofanyiwa, ukimsimulia mtu, angekwambia huyo mtoto ana bahati.

Joselyne naye ni mtoto. Siku ya kwanza alimwonea rafiki yake huruma, siku ya pili alibeba dumu peke yake akiliegemeza kwenye paja, maji yakimlowesha gauni, na siku ya tatu alianza kuchukia. Bombani watoto wenzake walimwuliza mwenzako yuko wapi. "Ule iko mugeni," akasema kwa hasira, "iko nakaa ku kiti sawa padri." Watoto wakaangua kicheko, na toka siku hiyo kila Kaneza akipita walimwimbia: mugeni, mugeni, karibu mugeni. Watoto wa kambi hawahitaji kufundishwa mara mbili. Na lile neno la Kirundi ambalo wasichana waliitana zamani halikusikika tena ndani ya nyumba.

Marie-Goreth aliyaona haya yote. Usiku alikuwa anauma kona ya kitenge asisikike. Alikuwa anamngoja mtoto avunjike, aje amwangukie, aseme Mawe nisamehe, mimi si mgeni. Kisha angekwenda Baraka kwa miguu kumwambia Madame. Kaneza hakuja. Alikaa juu ya kigoda, mikono mapajani, akila kidogo kidogo kama watu wenye adabu.

Alhamisi, ile siku ya ine, Marie-Goreth hakuweza kulitazama hilo gari. Alimwachia Joselyne kazi ya kuagana na Kaneza, akachukua jembe, akaenda shamba la Adolphine, mama mwenyeji aliyekuwa akimpa vibarua vya kupalilia muhogo. Alilima kama anayetafuta kitu kilichozikwa. Adolphine alimtazama kwa jicho la pembeni.

Jua lilipoanza kuchoma alipita Pulchérie, Mrundi mwenzake, na kapu kichwani, akielekea kambini. Marie-Goreth akakumbuka kwamba hajamwachia Joselyne chumvi, akataka kumtuma. Akamwita kwa sauti amsubiri:

"Mugenzi wanje, ndindira!"

Pulchérie hakusikia, akaendelea. Adolphine akajishika kiuno na kucheka.

"Ee Mama Joselyne! Hata Pulchérie unamuita mugeni? Ule alikuja hapa mbele yenu wote, batoto yake bamezaliwa hapa. Mugeni namna gani?"

"Sikusema mugeni. Nilisema mugenzi. Ku Kirundi, mugenzi ni rafiki. Mugenzi wanje, rafiki yangu."

"Basi mi masikio yangu imesikia mugeni. Mugenzi, mugeni. Mutu atajua je?"

Jembe lilimtoka Marie-Goreth mkononi.

Mugenzi. Ndilo neno lao. Ndilo walilokuwa wakiitana asubuhi mpaka jioni, Mugenzi amka, Mugenzi unayumbisha, Mugenzi niachie kidogo. Joselyne ni nani kwako? Ni mugenzi. Na wewe? Na mimi, mugenzi. Akasema na kucheka. Na kwa nini asicheke?

"Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu, nimefanya nini."

Hakumweleza Adolphine kitu. Alikimbia. Kandambili moja ilibaki kwenye matuta, nyingine aliitupa mwenyewe. Alikimbia mbio za mtu ambaye nyumba yake inaungua, kitenge kimefunguka, akipita katikati ya mashamba ya watu na kukanyaga mihogo yao, watu wakimpigia kelele ni vita, wamefika wapi? Hakuwajibu. Aliogopa kwamba akifungua mdomo, pumzi itakwisha kabla ya kufika. Mgongo wa ziwa ulikuwa unameta kule chini na yeye alikuwa anauchukia kwa kung'aa siku kama ile.

Gari lilikuwa bado lipo. Dereva, Dieumerci, alikuwa amefungua mlango wa nyuma, na ndani, kwenye kiti, alikaa Kaneza na mfuko wake wa plastiki mapajani. Madame Georgette alikuwa ameweka mguu mmoja ndani.

"Madame!" Marie-Goreth alishika mlango kwa mikono miwili. "Haikuwa mugeni. Mugenzi! Ni Kirundi, ni rafiki! Alikuambia Joselyne ni rafiki yake, na weye ukasikia mugeni. Uliza Murundi yeyote hapa. Uliza!"

Madame Georgette aliduwaa. Kulikuwa na watu wamejaa pale, Warundi watupu, na kila mmoja alikuwa anatikisa kichwa: ndiyo, mugenzi, ndivyo kwetu, rafiki. Akaitamka mwenyewe kwa midomo bila sauti. Mugenzi. Mugeni. Rangi ikamtoka usoni.

"Yesu," alisema. "Na mi ndiye nilisema alikuwa anacheka." Alishuka, akasimama karibu na Marie-Goreth. "Mama, nihurumie. Nitamupigia Henri, mukubwa wetu."

Aliongea na simu akizunguka gari, kwa Kifaransa cha haraka. Marie-Goreth alielewa maneno machache tu, lakini aliona mkono wa Madame unapiga hewa, unabishana. Alirudi macho yake yakiwa na matumaini.

"Amekubali. Nimuulize tena mutoto ile swali moja. Akisema ni rafiki, anashuka, anabaki kwako, kwisha. Lakini ni yeye peke yake. Weye ukae nyuma ya gari, usimuonyeshe uso, usiseme kitu. Akijibu juu ya woga yako, haina maana."

"Ndiyo, Madame. Ndiyo." Marie-Goreth alikwenda nyuma ya gari akajibanza hapo, mgongo kwenye bati la moto. Hakusikia joto. Alikuwa anaomba kila mtakatifu aliyemjua. Atasema. Ni neno lao, hawezi kulisahau kwa siku chache. Atalitamka, na leo watakula wote sahani moja, na kile kigoda atakivunja kuni.

Alimsikia Madame anakaa kwenye kiti kando ya mtoto.

"Kaneza, mwanangu. Mi nilikosea ile siku, sikusikia muzuri. Nakuuliza tena, polepole. Joselyne iko nani kwako?"

Mtu fulani alikohoa, akakanywa.

"Sema tu. Iko mugenzi," Madame aliivuta ile herufi ya z mpaka ikalia kama nyuki, "ao iko mugeni?"

Marie-Goreth alijiziba mdomo kwa mkono.

"Mugeni," alisema Kaneza.

"Mugenzi, ndiyo unasema?"

"Hapana, Madame. Mugeni." Alisema Kiswahili safi, bila kigugumizi, Kiswahili alichofundishwa ndani ya nyumba ile. "Mi ndiye mugeni. Mugeni haichotake maji. Mugeni inakula yake peke yake."

Marie-Goreth alitoka nyuma ya gari akipiga yowe. Aliingiza kichwa dirishani, akamshika mtoto uso, akammiminia Kirundi chote alichomnyima: ni mimi niliyekosa, si wewe, niliambiwa uongo, nilisikia vibaya, shuka mwanangu, shuka, Joselyne anakungoja. Kaneza alimtazama. Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu kama angekuwa na hasira. Alikuwa anamtazama kama unavyomtazama mtu mkubwa anayelia mbele yako na hujui umfanyie nini.

Kisha akakaa vizuri, akaunganisha mikono juu ya ule mfuko, akasema kama alivyosikia watu wenye adabu wakisema wanapoaga:

"Aksanti ya kunipokea, Mama Joselyne."

Hakusema Mawe. Marie-Goreth aliiachia ile mikono yake mwenyewe ikashuka.

Madame Georgette alijaribu kumpigia Henri tena. Henri alisema mtoto ameulizwa mara mbili na amejibu jibu moja mara zote mbili, na kama hilo si la kuaminika, basi lipi? Dieumerci akasema kwamba jua linakwenda, na njia ya Fizi si ya kupanda jioni. Akawasha injini.

Kwetu mgeni akiondoka husindikizwa. Unatembea naye mpaka njia panda, hata akiwa mtu usiyempenda. Watu walimtazama Marie-Goreth wakingoja afanye walau hilo, na yeye alisimama palepale, miguu yenye matope, hawezi kwenda mbele na hawezi kurudi. Akimsindikiza, atakuwa amekubali mbele ya wote kwamba ni mgeni. Asipomsindikiza, mtoto ataondoka peke yake kama mwizi. Gari likaanza kutembea yeye bado anachagua.

Ndipo Joselyne, aliyekuwa amekataa kuaga akaenda kuchota maji, alipotokea upande wa bomba na dumu lake. Hakuna aliyemweleza kosa la yale maneno mawili, lakini aliuona uso wa mama yake na aliona gari, akaelewa mchezo umekwisha kweli. Akaliangusha dumu, maji yakamwagika, akakimbia nyuma ya gari akiita kwa nguvu zake zote. Kioo cha nyuma kilikuwa kimefungwa. Kaneza aligeuza kichwa kidogo, kisha akatazama mbele tena.

Joselyne alikuwa anaita Mugenzi, Mugenzi wanje. Lakini injini ilikuwa inanguruma, na ile herufi ni ndogo. Hata Marie-Goreth, aliyekuwa anajua neno lenyewe, kutoka pale aliposimama alisikia mtoto wake anaita mugeni.